Lori Zimelala

Shosho Tabitha alizikwa Jumamosi, mvua ikinyesha upande mmoja wa shamba na jua likiwaka upande wa pili, kama hali ya hewa inavyofanya huku bondeni inaposhindwa kuamua. Habari zilinikuta Gilgil. Mtu nisiyemkumbuka alisimama karibu na benchi nilipokuwa nikinywa chai, akanitazama sana, kisha akauliza kama si mimi niliyekuwa nikimenya viazi kwenye loji moja pale Salgaa zamani. Nikamwambia ni mimi. "Basi yule nyanya wa watoto amekwenda," akasema, na akaagiza chai yake. Nilikuwa sijakanyaga Salgaa kwa miaka mingi. Nimeishi maisha ya kuhama: nimechonga mawe, nimekata maua Naivasha, nimelinda milango ya watu Nakuru, nimeuza redio kuukuu kwenye masoko ya milimani, na kila mahali nimekaa mpaka miguu ianze kuniwasha. Shule niliiacha kabla ya kumaliza ya msingi, na tangu siku hiyo nimesoma kila kilichoandikwa, kuanzia gazeti lililofungiwa nyama hadi karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Wote walioniajiri wamelalamika jambo moja, kwamba nauliza sana. Lakini nikiulizwa nilifunzwa wapi kufikiri, sitataja darasa lolote. Nitataja chumba kimoja nyuma ya jikoni, ambamo kwa karibu mwaka mzima sikusikia mtoto akilia.

Tulipokwisha kumzika tulikaa chini ya hema kula. Mchungaji alikuwa bado anasema maneno ya mwisho, na maneno hayo yalikuwa ya sifa: mama huyu alilea watoto wa watu kwa mikono safi, na watoto wake, alisema, walijulikana kwa utulivu. Wazee wakaitikia. Mwanamke aliyekaa karibu nami, kijana bado, mwenye mtoto wa kiume wa miaka kama miwili magotini, hakuitikia. Alikuwa akinitazama. Aliponigeukia vizuri nikaona paji la uso la mtu niliyemjua.

"Wewe ndiye waliyekuwa wakimwita Maswali?" akauliza.

"Ndiye."

"Mimi ni Cherono. Wa Emily."

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na urefu wa ndoo. Akaniambia mama yake alifariki mwaka jana, na nyanya yake wa Keringet alitangulia kabla ya hapo. Anashona sare za shule mjini Nakuru. Kisha akashusha sauti, ingawa haikuwa juu hata kidogo, akasema alikuja kwenye mazishi haya kutafuta mtu mmoja tu, yeyote aliyekuwa pale loji wakati ule, kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki kitu. "Huyu wangu haongei," akasema, akimgusa mtoto kichwani. "Kliniki wamempima, masikio yake yako sawa. Nesi ananiambia, mama, zungumza naye. Anko, mimi nakaa naye kutwa nzima, cherehani inalia, na jioni inafika nagundua sijamwambia neno. Sijui niseme nini na mtu asiyenijibu. Mama aliwahi kuniambia kuna kitu kilitokea nikiwa mdogo, akaanza kulia, akaacha. Nataka kujua ni nini, ili nisimpe huyu."

Basi nikamweleza, na sasa naandika nilivyomweleza, pamoja na yale ambayo pale hemani sikuyapatia maneno.

Loji ilikuwa na vyumba vilivyopangwa pande mbili za uwanja wa saruji, jikoni mwisho, barabara kuu mbele. Madereva wa masafa marefu walikuwa wakiingia alfajiri, wakitoka Mombasa na kwenda Malaba au wakirudi, na walilala mchana. Kwa hiyo saa za watu wengine za kupiga kelele ndizo zilikuwa usiku wetu. Juu ya ukuta wa uwanja mwenye loji alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KIMYA, MADEREVA WAMELALA. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Dereva akiamshwa na kelele anahamia loji ya jirani na kuwahamisha wenzake. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuna aliyehitaji kuiandika ukutani. Mteremko wa barabara ile sote tuliujua. Tulishaona lori zilizolala ubavu, tulishasaidia kubeba watu. Dereva asiyelala anashuka pale na roho za wengine mikononi. Tuliheshimu usingizi kama watu wengine wanavyoheshimu ibada. Tulitembea kwa soksi. Tulifungua milango kwa kuiinua kidogo ili isikwaruze sakafu. Jikoni hatukutwanga kitunguu saumu kabla ya saa kumi jioni.

Wanawake waliotandika vitanda, waliopika na kuhudumu walikuwa na watoto, na watoto hawakuwa na pa kuachwa, maana nyuma kulikuwa na shamba la mtu mkali na mbele kulikuwa na barabara. Ndipo Shosho Tabitha akapewa stoo ya zamani ya viazi. Alikuwa ameosha vyombo hapo mpaka magoti yakakataa, na mwenye loji akamwambia akae na watoto, mradi wasisikike, kwa sababu ukuta wa stoo ulikuwa pia ukuta wa vyumba vya kulala. Nimeona vyumba vingi maishani, lakini hakuna kilichotengenezwa kwa akili kama kile. Alitundika blanketi kuukuu ukutani, moja juu ya jingine. Alipigilia ukanda wa mpira wa tairi kwenye fremu ya mlango ili usigonge. Hakukuwa na kijiko cha chuma wala sahani ya bati. Kila kitu kilikuwa plastiki au mbao. Harufu ya udongo wa viazi vya Molo ilikuwa bado imo sakafuni, ikichanganyika na uji wa wimbi na sabuni ya kipande. Watoto walikuwa wasafi, walishiba, walilala mchana pamoja na lori. Mtoto akianza kukunja uso ili alie, Shosho alimwinua, akaweka kidole mdomoni mwake mwenyewe, akampuliza taratibu kwenye paji la uso na kusema karibu bila sauti: "Lala, lala. Lori zimelala." Ile pumzi ilikuwa kama dawa. Uso ulifunguka na kilio kikarudi kilikotoka.

Madereva walikuwa wakitania. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Barasa, mtu wa Webuye, mnene, lori yake ilikuwa na mluzi ndani ya injini ambao mafundi wote walishindwa kuutoa. Siku moja alinikuta uani na beseni langu la viazi, akanong'ona, "Boss, ni kweli hapa kuna watoto?"

"Wako sita."

"Mmewapaka gundi mdomoni? Wangu wakianza kulia kule nyumbani hata kuku anataga kabla ya wakati."

Nikacheka ndani ya kola ya shati, kama tulivyozoea. Nikamfungulia mlango wa stoo aone. Alipoingiza kichwa akamkanyaga paka mkia, akaruka, akajigonga kwenye fremu, akabaki ameshika kichwa na kutoa macho. Watoto wakacheka. Wote sita walifungua midomo, mabega yakatetemeka, mmoja akaanguka chali kwa kicheko, machozi yakawatoka, na hakuna sauti hata moja iliyotoka. Nilisikia paka akipumua. Barasa alirudi nyuma, akafunga mlango, akasimama kidogo. "Wamefunzwa vizuri," akasema hatimaye, lakini hakutania tena siku hiyo, na mimi niliporudi kwenye viazi vyangu kisu kilikuwa kizito.

Emily alitandika vitanda. Alikuwa amekuja kutoka Keringet akiwa na Cherono mgongoni, na kabla yake nafasi hiyo ilikuwa ya msichana aliyefukuzwa kwa sababu mtoto wake aliota meno vibaya na kulia wiki nzima. Kwa hiyo Emily alishukuru kwa ukimya wa mwanawe kama mtu anavyoshukuru kwa mvua. "Huyu hajawahi kunisumbua," alikuwa akiwaambia wenzake wakila, nao walimsifu mtoto mbele yake: ametulia, ana adabu, si kama watoto wa siku hizi. Sisi watu wa huku tuna heshima kubwa kwa mtoto aliyenyamaza. Tunampa mgeni ambebe. Sikuwahi kujiuliza tunasifu nini hasa mpaka mwaka ule, Cherono alipokaribia miaka mitatu na bado hajasema hata "mama".

Mpishi wetu, Mama Otis, ndiye aliyelitaja kwanza. Tulikuwa tumekaa jikoni tukila ugali na sukuma, Emily akimlisha mtoto.

"Emily, usikasirike. Huyu ni bubu."

"Si bubu."

"Basi ni kiziwi. Mpeleke Nakuru waangalie masikio."

"Anasikia," nikasema.

"Wewe Maswali umekuwa daktari lini?"

Nilikuwa nimeona kitu. Cherono alikuwa na desturi ya kutoka stoo na kukaa nami kwenye ngazi ya nyuma nikimenya viazi, na kwa kuwa mimi siwezi kukaa kimya, nilikuwa nikimnong'onezea chochote: hiki ni kisu, hili ni ganda, hiki kiazi kina jicho kama la mjomba wangu. Asubuhi moja aliinua kidevu kuelekea mteremkoni, akasimama, akaenda jikoni, akatoka na kikombe kikubwa cha bluu ambacho Barasa peke yake alikitumia. Sikusikia kitu. Akaketi na kikombe magotini. Nilikuwa nimemenya viazi kadhaa ndipo na mimi nikausikia ule mluzi wa injini, mbali sana, ukishuka. Nilianza kumchunguza. Alizijua lori nyingi kwa sauti, kila moja na mwenyewe. Kwa ile ya mtu wa Busia alinyoosha mkono kwenye sahani ya mandazi. Kwa ya kijana aliyemwogopa alirudi ndani. Masikio yale yalikuwa makali kuliko yetu sote. Alikuwa ameelewa ulimwengu wake kikamilifu, na ulimwengu huo ulikuwa umemwambia kwamba vyenye sauti ni magari, na wenye haki ya kunyamaziwa ni watu waliolala.

Nikawa na swali, na swali likiniingia halinipi raha. Siku moja gari la wizara ya afya lilikufa mbele ya loji, na mama mmoja muuguzi akaingia kula maharagwe akingojea fundi. Nilimwekea sahani na kukaa mbele yake bila kualikwa.

"Mtoto anayesikia na haongei, shida ni nini?"

"Nani anaongea naye?"

"Watu wako. Lakini wananong'ona."

"Sijauliza kama watu wako. Akitoa sauti, nani anamjibu?"

Nikamweleza kuhusu stoo. Aliacha kula. Kisha akaniuliza kama kuna mtu barabarani ninayemsalimia kila asubuhi. Nikasema wako wengi. "Na kama kuna mmoja haitikii, leo haitikii, kesho haitikii, utaendelea kumsalimia?" Nikasema hapana, siwezi. "Basi mtoto mchanga anasalimia," akasema. "Akifanya a-a-a kitandani, hiyo ni salamu yake. Wewe ukiitikia a-a-a, kuna kitu ndani ya kichwa chake kinashikana na kingine, kama mtu anashona. Akisalimia kutwa na hakuna wa kuitikia, anaacha, na nyuzi zile zinabaki bila kufungwa. Halafu watu wanasema ana adabu." Nikamuuliza kama akishaacha imekwisha. Alitikisa kichwa. "Haijaisha. Mnaanza kumsalimia upya. Lakini msikae mkingoja, kijana. Kadiri anavyokua mlango unakuwa mzito." Kisha akacheka na kusema nauliza kama polisi, akarudi kwenye maharagwe. Tangu wakati ule nimesoma mengi kuhusu jambo hili, kwenye magazeti na vijitabu vya kliniki, na wenye elimu wana maneno marefu zaidi, kwamba miaka ya mwanzo ndipo ubongo unapojenga njia zake nyingi, na unazijenga kwa kile unachokutana nacho, kwa sauti, mguso, sura inayokutazama. Sijaona mahali waliposema jambo lililonishinda kuelewa baada ya ile sahani ya maharagwe.

Nilipomwambia Emily, aliendelea kukunja shuka. Lakini siku yake ya mapumziko ilipofika alimbeba mtoto mgongoni na kuja uani, nilipokuwa nikipandisha magunia matupu kwenye pikapu ya kwenda Molo. "Huko mashambani kuna mtu amelala?" akauliza. Nikasema hakuna. Akapanda.

Shamba tulilonunua viazi liko juu ya mji, mahali ambapo ukungu unakaa mpaka karibu na adhuhuri na mikono inakufa ganzi kwa baridi. Wanawake walikuwa wakichimbua viazi na kupigiana kelele kutoka mtaro hadi mtaro, wakitaniana kuhusu mume wa mmoja wao aliyetumwa kununua mbegu akarudi na jogoo. Cherono aliwatazama kwa macho makubwa, amejificha shingoni mwa mama yake. Emily akamshusha kiunoni, akasimama kwenye ukingo wa mtaro, akatazama bonde lote chini yetu, kisha akaita. Aliita kama wanavyoita ng'ombe kwao Keringet jioni, sauti ndefu inayopanda mwishoni. Sikujua alikuwa na sauti kama ile. Miezi yote ile nilikuwa nimemsikia kwa kunong'ona tu. Sauti ikaenda ikagonga kilima, ikarudi.

Cherono akainua kiganja chake na kumfunika mama yake mdomo.

Wale wanawake wakacheka. "Mathe, umefungiwa breki," mmoja akasema. Emily naye akacheka, akautoa ule mkono, akauweka kando, akaita tena. Safari hii mtoto alitumia mikono yote miwili, akaubana, na uso wake ukawa umejaa hofu ya mtu mzima; aligeuza kichwa huku na huku kwenye ukungu akitafuta lori zilizolala. Kisha akamvuta mama yake shingo, akampuliza kwenye paji la uso. Polepole, kama alivyofunzwa.

Emily aliketi kwenye udongo. Hakutoa sauti alipolia, na hilo ndilo nililoliona vibaya zaidi kuliko yote, kwamba hata yeye alikuwa amesahau jinsi ya kulia kwa sauti. Wale wanawake wakaacha kucheka. Mmoja wao, mzee kidogo, alikuja akaketi karibu naye, akamnyooshea mtoto kiazi kidogo chenye umbo la kuku na kumwambia, "Kokoko." Akangoja. "Kokoko," akasema tena, kana kwamba ana siku nzima. Mtoto alikitazama kile kiazi kwa makini sana. Hakusema kitu, ila midomo yake ilisogea.

Jioni ile niliusikia ugomvi wa ajabu kuliko wote niliowahi kuusikia. Nilikuwa nimeshika beseni nje ya mlango wa stoo, sikuweza kupita wala kurudi. Emily na Shosho Tabitha walikuwa wakigombana, na kwa kuwa madereva wawili walikuwa bado wamelala upande wa pili wa ukuta, waligombana kwa kunong'ona.

"Umemfunga mtoto wangu, Shosho."

"Nimemfunga wapi? Onyesha kamba."

"Haongei. Anaogopa hata sauti yangu."

"Emily, hebu niangalie. Miaka yote nimekaa na watoto hapa, kuna aliyechomeka? Kuna aliyetoka akakanyagwa pale barabarani? Nimewahi kumchapa nani? Mtoto aliyenyamaza ni mtoto anayekula. Yule wa mwenzako alilia, ulisikia walivyoondoka, na begi kichwani. Uliniambia nini siku uliyokuja? Uliniambia, Shosho, nisaidie, asisikike."

Emily akasema, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyesema."

"Sasa unataka nifanye nini? Nimwambie apige kelele, kesho mkose pa kulala?"

"Hapana. Sijui. Sikulaumu."

"Unanilaumu," Shosho akasema. Sauti yake ilikuwa imevunjika, na hata katika kuvunjika kwake haikupita ule ukuta. "Mimi nilidhani nawapenda."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, nalo ndilo lililonifanya nipande gari kutoka Gilgil kuja kumzika. Kwa sababu aliwapenda. Ningekuwa mwongo nikiandika vinginevyo. Alijua kila mtoto anapenda kulalia ubavu upi. Hakuna mtu pale aliyekuwa adui wa watoto, si yeye, si mwenye loji, wala wale waliolala. Kila mmoja wetu alilinda kitu kinachostahili kulindwa, usingizi, kazi, maisha ya watu mteremkoni, na gharama ya ulinzi huo ililipwa na watu ambao hawakuwa na mdomo wa kukataa.

Wiki iliyofuata Emily alimpeleka Cherono kwa mama yake Keringet na kurudi peke yake. Hakuwa na njia nyingine; kazi ilikuwa Salgaa na sauti ilikuwa Keringet. Akawa anamwona mara moja kwa mwezi. Sijui kama ilikuwa sawa kumnyima mtoto mama ili apate maneno. Nimelifikiria jambo hilo kwenye barabara nyingi na sijalimaliza. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo Emily akitandika kitanda alisimama mara kwa mara katikati ya chumba, shuka mkononi, akisikiliza upande wa stoo, ambako hakukuwa na cha kusikia kama kawaida. Na Shosho alianza, saa kumi ikifika na lori zikiondoka, kuwatoa watoto waliobaki uwanjani na kuwaimbia. Alikuwa na sauti mbovu. Watoto walimtazama kama mtu aliyeugua.

Mwisho wa mwaka ule niliomba lifti hadi Keringet kumwona. Gogo, kama wanavyomwita nyanya huko, alikuwa mwanamke aliyeongea bila kupumzika. Aliongea na ng'ombe, na kuni zisizowaka, na mume wake aliyekufa kitambo, na mimi kwa Kiswahili cha kuokoteza, bila kujali nani anajibu. Alinipa maziwa kwenye kibuyu na viazi vilivyochomwa. Nikamuuliza kama mtoto ameanza kusema. "Anasema," akajibu, "lakini na ndama tu. Mimi nimepanga foleni. Nangoja zamu yangu." Akanionyesha zizi kwa kidevu na kuniambia nisikanyage majani makavu.

Nilisimama nyuma ya ua. Cherono alikuwa amechuchumaa kando ya ndama mdogo mwekundu, amemshika masikio yote mawili. Alimpuliza kwenye paji la uso. Kisha nikasikia, kwa mara ya kwanza, sauti yake. Ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango wa nyumba isiyokaliwa. "Lala, lala," alisema. "Lori zimelala." Alisema kama Shosho Tabitha, kwa pumzi ile ile na upole ule ule. Maneno yalikuwemo ndani muda wote. Ni hayo tu aliyokuwa amepewa, na alikuwa akimpa ndama yote aliyokuwa nayo.

Nikaondoka Salgaa kabla ya mvua ya masika. Miguu ilikuwa imeanza kuwasha, lakini si hilo tu. Nilikuwa nimeanza kusikia ukimya kila mahali, na kuuliza uko pale kwa ajili ya nani, na mtu mwenye swali hilo hadumu kwenye kazi za kuajiriwa. Wakati mwingine nalala kwenye chumba cha kupanga na kujiuliza nani alinijibu mimi nilipokuwa mtoto mchanga wa kitandani, ni nani alifanya a-a-a akaniinamia. Lazima kulikuwa na mtu. Sina hata kivuli cha sura yake. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii: miaka inayotutengeneza zaidi ndiyo tusiyoikumbuka, na kama hakuna mwingine aliyeishika kwa niaba yetu, tunabaki na mazoea tu bila kujua yametoka wapi.

Cherono alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Chakula chake kilikuwa kimepoa. Mtoto alikuwa ameshuka magotini mwake na kuketi kwenye nyasi kati ya viti vyetu, akichezea sahani ya bati tupu.

"Kwa hiyo maneno yangu ya kwanza yalikuwa ya yule," akasema, akitazama kaburi lililojaa maua ya karatasi.

"Yalikuwa yake."

"Na alinipenda."

"Sana."

Mchungaji alikuwa amesimama tena kwa sala ya kufunga, na watu wakainamisha vichwa. Ndipo mtoto akaiinua ile sahani kwa mikono miwili na kuiachia juu ya jiwe. Ikalia. Ikazunguka kwenye ukingo wake, ikaendelea kulia, na hema lote likageuka. Mkono wa Cherono ulikuwa tayari umeondoka. Niliuona ukienda kuelekea mdomo wa mtoto, kiganja kimefunguka, na nikaona mtoto akiinua uso kuungoja, macho nusu yamefumbwa, kama mtu anayejua kinachofuata.

Mkono ukasimama hewani. Ukashuka, ukaigusa sahani.

"Sahani," Cherono akasema. Haikuwa kwa kunong'ona. "Sahani imeanguka. Imelia aje?"

Mtoto alimtazama yeye, akautazama mkono, akarudi kumtazama yeye. Mchungaji alikuwa ameacha kusali. Cherono uso ulikuwa umemwiva kwa aibu mbele ya watu wote wale, lakini hakuondoa macho. Akangoja, kama yule mama wa Molo mwenye kiazi.

"Imelia aje, baba?"

"Ngwee," akasema mtoto.

"Ngwee," akaitikia mama yake.

"Endelea tu, pasta," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Hapa hakuna aliyelala."